Kengele ya Mvua

Wanafunzi pale Yamumbi huniita Ticha, na jina hilo bado hunikaa kama koti la kuazima. Niliacha shule kidato cha pili. Nimepakia mahindi Moi's Bridge, nimetengeneza redio Ainabkoi, na popote nilipokaa nilifungua kitu nione ndani kuna nini. Ndivyo nilivyozijua bodi ndogo za kompyuta, zenye ukubwa wa kiberiti, mpaka shule moja ya hapo Yamumbi ikaniomba nifundishe watoto kuziandikia programu katika klabu ya baada ya masomo.

Msichana mmoja alitengeneza kengele ya mvua: nyaya mbili juu ya turubai la kuanikia mahindi, tone likidondoka bodi inalia. Mama yake hakutaka abaki klabuni msimu wa kuvuna, kazi ilikuwa nyingi nyumbani. Wakakubaliana mama aje aone kwanza. Kama mtoto anajua kweli, atabaki.

Mama alikuja na gambuti zake za shambani miguuni. Msichana akamwagia nyaya maji. Kimya.

"Hiyo kengele ni bubu!" wenzake wakacheka.

Akainama kwenye kompyuta, akaanza kupitia programu yake mstari kwa mstari, polepole. Kosa mimi nilishaliona: waya ulikuwa kwenye pini ya kwanza ya bodi, programu inasoma ya pili. Nikavuta kompyuta upande wangu, nikabadilisha tarakimu moja. Bodi ikalia. Watu wakapiga makofi.

"Kumbe ni Mwalimu ndiye anajua," mama akasema. "Haya, twende tukaanue mahindi."

Wakaondoka. Nilikuwa bado natabasamu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kesho yake niliwafuata kwao. Walikuwa wanageuza mahindi kwa miguu mitupu, wakiiburuta ili punje za chini zije juu. Nikamweleza mama kwamba kengele ni kazi ya bintiye, na kosa lile angelipata mwenyewe.

"Unamtetea tu, Mwalimu."

"Nilikuwa nishaliona," msichana akasema bila kuinua macho.

"Sasa mbona hukurekebisha?"

"Ningerekebisha na nini, Mama? Ticha alikuwa ameshachukua kompyuta."

Mama akanitazama. Nikatazama mahindi.

"Atarudi Jumatatu," akasema hatimaye. "Lakini wewe, Mwalimu, mikono uweke mfukoni."

Nikasema asante. Msichana aliendelea kuburuta miguu kuelekea upande wa pili wa turubai, amenipa mgongo.