Bangi Ilikuwa Yangu, Kifungo Akatumikia Mama

Nimekosa. Sina namna nyingine ya kuanza. Nimekosa, na niliyemkosea siwezi tena kumpigia magoti.

Msiniulize jina. Jueni tu kwamba mimi ni mwanamke, ninaishi Igogo hapa Mwanza, nakaanga samaki barazani, na nina mtoto mmoja wa kike.

Mdogo wangu, nimwite Deo, aligombana na mwenzake mwaloni, kule boti zinakoshusha samaki, akamvunja mkono. Akawekwa mahabusu gerezani kusubiri kesi. Mimi ndiye niliyekuwa naenda kumwona. Siku moja akaniinamia, macho mekundu, akaninong'oneza: "Dada, niletee bangi kidogo. Kuna wakubwa humu ndani wanaitaka. Nisipoleta watanimaliza."

"Wewe una wazimu? Nikikamatwa?"

"Basi njoo uchukue maiti yangu."

Nilirudi nyumbani nikilia. Ningeweza kumwambia bwana jela kwamba mdogo wangu anatishwa. Hilo hata halikunijia akilini! Nilichofanya ni kumtafuta rafiki wa Deo, akanipa kifurushi kidogo, nikakificha chini ya godoro.

Sasa sikieni ubaya wangu.

Wiki hiyohiyo mama yetu alivuka kwa meli kutoka Nansio kisiwani kuja kumwona Deo. Alikuwa mjane, mtu wa kanisa, anatembea kwa kuchechemea. Alikuja na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, maana Deo anaipenda tangu utotoni. Aliikata na kuianika mwenyewe.

Mama alipokwenda kuoga, nilifungua mfuko wake nikakizamisha kile kifurushi katikati ya michembe. Nilijua mlangoni wanatupekua sisi vijana. Nikajisemea, bibi kizee kama huyu nani atamgusa? Nilimtumia mama yangu mzazi kama gunia!

Nilimsindikiza hadi karibu na geti, mtoto mgongoni. Nikamwambia, "Nenda tu Mama, leo mimi nakusubiri hapa." Akanijibu, "Haya mwanangu, nitamsalimia."

Hakutoka.

Nilisimama ng'ambo ya barabara mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha likaja gari la polisi. Nikamwona mama anatolewa amefungwa pingu, askari mwanamke kamshika mkono, mwingine kabeba ule mfuko. Mama aliniona. Akatikisa kichwa kidogo sana, kama anayenikataza, akaangalia pembeni.

Jioni nilimpelekea uji kituoni. Aliniuliza kwa Kikerewe, taratibu, ili askari wa kaunta asielewe:

"Ni wewe?"

Machozi yalijibu.

Akavuta pumzi. "Nimewaambia michembe ni yangu na vyote vilivyomo ni vyangu. Sasa wewe nyamaza. Una mtoto ananyonya. Mimi nimeshazeeka."

Jamani! Mtoto mwenye akili angepiga kelele palepale: mwachieni, ni mimi! Mimi nilipokea bakuli tupu nikarudi nyumbani.

Nilijiambia nitasema kesho. Kesho nikasema acha kwanza nimtafute wa kumwachia mtoto. Kesho kutwa nikasema labda wataona ni mzee watamsamehe. Kila siku ilikuwa na sababu yake.

Mahakamani nilikaa benchi la nyuma. Walisoma shtaka, hakimu akamwuliza kama ni kweli. Mama akasema, "Ni kweli." Hakimu akarudia, "Mama, unaelewa unachokikubali? Hili ni kosa kubwa." Akajibu, "Naelewa, mheshimiwa."

Nilijua nikikaa pale nitasimama tu niseme ukweli. Nikamfinya mwanangu paja. Ndiyo, nilimfinya mtoto wangu mchanga! Akalia, nikapata sababu ya kutoka nje. Miaka mitatu aliyohukumiwa mama niliisikia nikiwa dirishani.

Baada ya mwezi, yule aliyevunjwa mkono akamsamehe Deo, kesi ikafutwa. Deo akarudi nyumbani mzima; wale wakubwa hawakumgusa. Nikamtengea ugali na sato, hakuunyoosha mkono.

"Dada, tufanyeje?"

"Tunyamaze kwanza."

Akanitazama, akanyamaza kweli. Bangi aliiagiza yeye, niliificha mimi, na sote wawili tulikuwa nje. Aliyekuwa ndani ndiye asiyejua hata inavyonuka.

Nilikwenda kumwona mama mara nne tu. Walikuwa wamemnyoa, mifupa ya shingo imetokeza. Hakunilaumu hata mara moja, angenilaumu ningepona. Mara ya mwisho aliniuliza, "Mjukuu wangu ameota meno?" Nikamwambia mawili, ya chini. Akacheka hadi akakohoa.

Presha ilimchukua kabla ya kumaliza mwaka. Alifia hospitalini akiwa bado mfungwa.

Tulimvusha kwenda kumzika Nansio. Wanajumuiya wenzake walikuja wachache. Nikiwa nawanawisha mikono wageni, nikamsikia Mama Perpetua, aliyesali naye miaka yote, akimwambia mwenzake: "Tulikuwa tunasali na mfanyabiashara wa bangi hatujui." Nilikuwa nimeshika birika. Nikamnawisha na yeye, nikampa na taulo.

Deo alihamia kwenye kambi za uvuvi visiwani. Simu zangu hapokei.

Mwezi uliopita nilishindwa kuvumilia. Nilivuka, nikaenda kwa Mama Perpetua, nikamweleza yote. Akasema, "Mimi nitakwenda kaburini nimwombe radhi kwa mdomo wangu. Wewe usiishie kwangu. Nenda polisi, jina lake lisafishwe." Akaingia ndani akafunga mlango.

Bado sijaenda. Nimefika hadi nje ya kituo mara mbili nikageuka. Ninaogopa jela! Ninaogopa mwanangu kulelewa na watu! Mama naye alikuwa mtoto wa watu, lakini hakuogopa.

Wewe unayesoma, mwenye ndugu gerezani, nakusihi. Akikuomba kitu cha haramu, kataa hata akilia, na kama anatishwa kamwambie mkuu wa gereza, ndiyo kazi yake. Usimpe mtu mzigo usiomwambia una nini, maana mlangoni anayekutwa na mfuko ndiye anayefungwa pingu.

Na kama mtu yuko ndani kwa kosa lako, nenda leo, angali hai. Mimi nikijikaza nikaenda, wataniandika maelezo, watanifunga, na jina la mama litasafishwa. Lakini hakuna geti litakalofunguliwa yeye akatoka.