Makaburi Mawili Nyuma ya Mlingotini

Nilipokuwa mtoto wa umri wa kutumwa kisimani, kabla Wajerumani hawajapandisha bendera yao Bagamoyo, nyuma ya kijiji chetu karibu na Mlingotini palikuwa na kilima kidogo chenye makaburi mawili. Watoto tulikiogopa kilima kile. Ukipita chini yake ulitakiwa uteme mate kifuani, usimwite mwenzako kwa jina, wala usigeuke nyuma. Mimi peke yangu nilikuwa na ruhusa ya kupanda juu, kwa sababu moja katika yale makaburi lilikuwa la babu yangu.

Babu Kombo alikuwa kirangozi, mtu wa kutangulia mbele ya msafara na kuwaonyesha wengine njia. Safari yake ya mwisho aliongozana na Mwingereza mmoja. Walikwenda bara hadi kwenye maziwa makuu, wakarudi wamebaki mifupa na ngozi. Homa iliwalaza wote wawili walipopiga kambi pale kilimani, mahali ambapo jogoo wa nyumbani kwetu akiwika unamsikia. Mzungu alitangulia kufa, babu akafuata. Mimi nilikuwa bado sijazaliwa. Bibi yangu Mwanahawa aliwahi kumnywesha mumewe maji, na jambo hilo alilishukuru maisha yake yote, maana wake wengi wa wapagazi hawakupata hata habari.

Babu alizikwa kama Mwislamu anavyozikwa. Ubavuni mwa shimo walimchimbia mwanandani, wakamlaza humo kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea kibla, wakaziba kwa mbao. Mzungu alizikwa na wapagazi waliokuwa na haraka ya kufika mjini. Walimfukia, wakaweka jiwe lisilo na maandishi, wakaenda zao.

Kila Alhamisi alasiri Bibi alinichukua kilimani. Alifagia kaburi la mumewe kwa ufagio wa chelewa, akang'oa magugu, akapanga upya mawe meupe ya pwani, akafukiza ubani. Upande wa kichwani alikuwa amechomeka sahani ya kaure yenye maua ya buluu, moja ya sahani zake za harusi zilizotoka Unguja. Kisha alikaa chini na kumpa marehemu habari za nyumbani: nani kaoa, mbuzi gani kazaa, nani hasemi na nani. Nilizipenda siku hizo kuliko sikukuu.

Kaburi la Mzungu lilikuwa hapo hapo jirani, limetitia, limejaa magugu, hata jiwe lenyewe lilikuwa halionekani. Siku moja nilimwonea huruma, nikalielekea na ufagio. Bibi alinipiga kofi mkononi, naye hakuwa mtu wa kupiga.

"Usifagie kaburi la mtu usiyemjua," aliniambia. "Maiti asiye na watu ukimsafishia kaburi lake, atadhani wewe ndiye mtu wake. Atakufuata mpaka nyumbani, na huko utamlisha nini?"

Ndiyo imani tuliyokuwa nayo. Kaburi ni la wenyewe. Mwenye watu hutunzwa na watu wake, asiye nao huachiwa Mungu. Wakubwa waliamini hivyo wakiwa na akili zao timamu, na ninalisema hili ili msomaji asije akatucheka upesi.

Kiangazi kimoja akaja Mzungu mwingine. Alikuwa ndugu wa yule marehemu, na alifuatana na mkalimani kutoka Unguja, askari wachache wa liwali, na sanduku la bati. Habari zilimtangulia: anataka kuchukua mifupa ya ndugu yake akaizike kwao Uingereza, kwenye makaburi ya kanisa la kijiji walikozaliwa. Bibi aliposikia alitikisa kichwa. Alisema aliyelala haamshwi, na mtu anayechokoa makaburi hatoki na aliye wake. Nilimsikiliza kwa nusu sikio, kwa kuwa maonyo yake yalikuwa mengi.

Walipanda kilimani asubuhi, kijiji kizima nyuma yao. Yule Mzungu alikuwa bado kijana, uso umemwiva kwa jua, na alikuwa na huzuni ya kweli. Hilo siwezi kumnyima. Aliangalia upande mmoja akaona magugu, akaangalia wa pili akaona kaburi safi lenye mawe meupe. Kisha akaiona sahani. Alipiga magoti, akaifuta vumbi kwa kidole, akaanza kulia. Mkalimani akatueleza kwamba mama yao ana sahani kama ile kabatini kwake, na kwamba bwana anawashukuru watu wa hapa kwa kumtunza ndugu yake.

Watu walitazamana. Jumbe wetu akasema kwa adabu kwamba bwana amekosea, lile ni kaburi la kirangozi, la ndugu yake ni lile pale kwenye magugu. Mzungu alipotafsiriwa maneno hayo uso wake ulibadilika. Alijibu kwamba mjini alikwisha kuonywa: watu wa huku wamelifanya kaburi la Mzungu kuwa mzimu wao wa kuombea, na watasema uongo wowote ili lisiondoke. Nadhani kulikuwa na jambo jingine pia. Hakuweza kukubali kwamba ndugu yake ndiye aliyeachwa kwenye magugu, na mtu mweusi ndiye aliyefukiziwa ubani.

Hapo Bibi akatoka mbele. Sikupata kumwona akisema na wanaume wageni kabla ya siku hiyo.

"Mwanangu," alimwambia mkalimani, "mwambie aliyelala hapa ni mume wangu. Sahani ni yangu, nyingine ziko nyumbani, twende akazione. Na akichimba atakuta mwanandani. Sisi hatumchimbii Mzungu mwanandani."

Mkalimani alisema maneno machache, machache kuliko ya Bibi. Mzungu alimtazama Bibi kwa upole, upole wa kumtazama mtoto anayeng'ang'ania kitu kisicho chake. Halafu akaashiria majembe. Askari walishika bunduki zao vizuri, na jumbe akamvuta Bibi mkono, akimnong'oneza kwamba mwenye nguvu mpishe.

Walichimba katikati ya shimo wasipate kitu. Wakagusa ubavuni, mbao zikaonekana, na ndani yake mtu amelala kwa ubavu wa kulia. Watu wakashusha pumzi. Tulidhani sasa ameona kwa macho yake. Mzungu aliinama juu ya shimo, kisha akasema neno, na mkalimani akatugeukia.

"Anasema mlimzika kwa desturi zenu kwa sababu mlimpenda. Anawashukuru tena."

Sijapata kusikia shukrani chungu kama ile. Kila tulichosema kuwa ni cha babu, yeye alikipokea kuwa zawadi kwa ndugu yake, na kama tungeleta na sahani nyingine zote angezidi kulia. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Siku ile aliyelia ni yule wa mbali, na mfiwa alisimama macho makavu, akimtazama mumewe anavyopangwa ndani ya sanduku la bati. Alimwuliza mkalimani jambo moja tu, jina la kijiji anakopelekwa. Jina lenyewe lilimshinda kutamka. Akaniagiza mimi nilishike, na kila jioni alinitaka nilirudie mbele yake.

Alhamisi iliyofuata Bibi alichukua ufagio wake kama kawaida. Tulifika chini ya kilima, akasimama, tukarudi. Alikuwa na haja moja tu duniani, kuzikwa pembeni ya mumewe, nayo ilikuwa imekwenda Ulaya. Alikufa kabla ya masika, tukamzika kwa watu wa mama yake, kwa kuwa alikataa kulazwa jirani na shimo tupu. Baadaye vita vilipokuja na kijiji kuchomwa, wazee walisema ni kwa sababu kirangozi aliondolewa. Mimi nasema ni mizinga ya Wajerumani, na mizinga ile haikuhitaji msaada wa mzimu.

Lakini onyo la Bibi lilitimia. Mzungu yule hakutoka na aliye wake. Linaloniuma ni kwamba Bibi aliamini mtu akitunzwa kaburi lake hapotei, na kumbe kule kutunzwa ndiko kulikompoteza babu. Ndugu yao halisi yuko kilimani hadi leo, salama kabisa, kwa sababu hapana aliyemjali.

Wajerumani walipoondoka na Waingereza kuingia, alikuja Bagamoyo bibi mmoja wa Kiingereza kufundisha wasichana kushona, nami nikawa msaidizi wake. Alipokwenda likizo kwao nilimtajia jina la kijiji na jina la yule marehemu, nililolisikia kwa mkalimani siku ile, nikamwomba akanitazamie kaburi, bila kumweleza sababu. Alirudi amefurahi. Alilipata bila taabu, kando ya ukuta wa kanisa upande wa jua, jiwe zuri limechongwa jina, majani yamekatwa. Dada wa marehemu yu hai bado, ni mzee. Kila Jumapili baada ya sala hupita hapo na maua na mkasi, akapunguza majani, akakaa kidogo akiongea peke yake.

Ndipo nikamweleza ni nani anayelala pale. Alichomeka sindano kwenye kitambaa.

"Tafadhali tusimwambie," alisema mwishowe. "Ni mzee sana, na hana kingine ila kaburi lile."

"Bibi yangu naye alikuwa mzee," nikamjibu.

Akarudi kwenye kushona. Nami nimenyamaza mpaka leo, wala si kwa wema. Ninajua kwamba siku yule dada wa marehemu atakapoambiwa ukweli ataweka mkasi wake chini, na babu yangu hana mtu mwingine kule.