Mchungaji Anayesaka Ubeti wa Tatu

Saa tatu asubuhi, Mchungaji Nehemiah Mwandoe anabeba kiti cha plastiki kuelekea nyuma ya nyumba yake huko Sagalla. Anafika kwenye kona, anasimama, kisha anakirudisha kiti mbele ya nyumba. Muda mfupi baadaye anajaribu tena na kuishia pale pale.

Nyuma ya nyumba ndiko alikozikwa mkewe, Edith, mwezi wa Februari. Tangu siku ile hajakanyaga huko.

“Mgeni wangu akija tutaenda wote,” anasema, na kukalia kile kiti mwenyewe.

Mchungaji huyu mstaafu anatengeneza kitabu cha nyimbo za Kisagalla, zile ambazo wazee waliimba kanisani kabla ya spika na kinanda cha umeme. Nyingi hazikuwahi kuandikwa. Amewaimbisha watu shambani, kwenye foleni ya maji, hata wakikamua ng'ombe. Pensheni ya kanisa haimtoshi, kwa hiyo huuza mayai mjini Voi, na simu anayorekodia ni ya pesa za kuku.

Kazi imekwisha, isipokuwa wimbo mmoja tu: ule wa kumuaga maiti anapotolewa nyumbani. Beti mbili za kwanza kila mtu anazijua. Ubeti wa tatu anaujua Mama Tryphena Wawuda peke yake, ajuza aliyepita miaka tisini, naye hauimbi ovyo. Mamake alimfundisha kwamba wimbo huo hauimbwi mahali pasipo na aliyekufa. Ukiuimba bure, unaita msiba.

“Nilimwomba aninong'onezee tu,” anasimulia Mchungaji. “Akaniuliza, kwani nani nyumbani kwako umechoka naye?”

Basi akaanza kufuata mazishi. Akisikia kuna msiba, anapanda bodaboda, awe anamjua marehemu au hamjui. Na kila mara mambo yaliharibika. Kwenye mazishi fulani mwanasiasa alishika kipaza sauti mpaka jua likawa la utosi, wimbo ukarukwa. Kwingine familia ilikodi spika kubwa kama kabati, zikaimeza sauti ya bibi yote. Mara nyingi ubeti wa pili ukiisha, wabebaji wameshaondoka na jeneza, na watu wanakimbilia nyuma yao.

Majirani walimtania kwa hilo, na utani wao haukukosa uchungu. “Alikuja kuniona hospitalini na simu mkononi,” anasema jirani yake, Ronald Mwamburi. “Nikamwambia, Mchungaji, mimi bado.”

Ronald anacheka. Anasema mkewe hakucheka hata kidogo.

Edith naye alikuwa na lake. Ndiye aliyenakili nyimbo zote kwa hati nzuri, jioni baada ya chakula, huku akimchokoza mumewe: wenzako wanaenda matangani kula, wewe unaenda kuokota nyimbo. Aliugua kwa muda mfupi tu. Aliacha maagizo kwamba spika zisiletwe kwake.

Siku ya mazishi palikuwa kimya kabisa. Mama Tryphena alisimama mlangoni, jeneza likasubiri, akaimba beti zote tatu bila kukatizwa na yeyote.

“Simu ilikuwa mfukoni,” anasema Mchungaji. “Sikuitoa. Siku hiyo nilikuwa mume wa mtu.”

Waombolezaji wengine nao walikuwa wameweka simu zao mbali, kwa kumheshimu yeye. Hakuna aliyerekodi.

Valarie Mghoi, katibu wa kamati ya kanisa, anasema mchapishaji amengoja vya kutosha. “Tulimwambia Mchungaji, weka hizo beti mbili, inatosha. Alikataa. Na Mama Tryphena sasa ni mgonjwa, hawezi tena kwenda mazishi. Tukaona basi, imeenda.”

Wiki iliyopita Mama Tryphena alituma ujumbe mfupi: aliyezikwa kwako bado yuko kwako, nitakuja.

Sasa amefika. Mjukuu wake mkubwa, Cynthia, amemshikilia kwa nyuma kwenye bodaboda iliyopanda polepole kama inabeba mayai. Bibi anatazama mbele ya nyumba, anakiona kiti.

“Mbona kiti kiko huku? Mimi sikuja kuimbia kuku.”

Mchungaji anakibeba. Safari hii anapita kona.

Udongo wa kaburi umeshuka, magugu yameota. Anainama kuyang'oa na Mama Tryphena anamwacha ang'oe. Kisha anamwambia: “Mimi pumzi ya beti tatu sina. Imba wewe.”

“Siujui, mama.”

“Ulikuwepo.”

Anaanza. Beti mbili za kwanza zinapita. Hizo humsemesha marehemu, humtakia safari njema. Anasita. Halafu ubeti wa tatu unakuja, neno baada ya neno. Huu hausemi na marehemu. Unawaambia waliobaki: rudini ndani, washeni moto, pikeni, itaneni majina.

“Hapo sauti inapanda,” anakatiza bibi. “Wewe umeishusha.”

Anarudia, anaishusha tena. Bibi anatikisa kichwa. Anaporudia mara nyingine, sauti inapanda, na Mchungaji Nehemiah analia waziwazi, mkono wake ukiwa juu ya bega la bibi. Simu imebaki mezani ndani ya nyumba. Hakuna anayeiulizia.

Kitabu kitakwenda kwa mchapishaji mwezi huu. Lakini Mchungaji anasema maandishi peke yake hayatoshi, kwa hiyo Jumapili ijayo ataipeleka kwaya nzima makaburini ikafundishwe, kwa kuwa sharti la Mama Tryphena halijabadilika.

“Sitaki mtu mwingine hapa azikwe kwa wimbo nusu,” anasema. “Maiti hana shida, anaagwa vizuri tu. Ni sisi tuliobaki. Tusipoambiwa turudi ndani, tunakaa nje. Mimi nimekaa nje tangu Februari.”