Makofi ya Mwalimu Ragnvei

Mwalimu Ragnvei hapigi makofi siku hizi, hata harusini. Mimi jirani yake najua sababu, maana kila nikienda kunywa kahawa kwake ananisimulia upya. Zamani nilikuwa nikimkatiza: "Yaliyopita si ndwele, shoga yangu. Kata keki."

Maneno yetu ya Kinorwe huungana mawili matatu yakawa moja refu. Ragnvei aliwafundisha watoto kuyakata kwa makofi, silabi kwa kofi. Barn-doms-hjem, nyumba uliyokulia, makofi matatu. Alikuwa hodari kweli.

Lakini kila bonde lina matamshi yake, na kwa sheria mwalimu haruhusiwi kuyabadili. Ragnvei, mzaliwa wa mjini, alilijua hilo fika. Mwaka ule Synneva, mjukuu wa mzee Sjur, alichaguliwa kuhutubia sikukuu ya taifa, na wageni wa mjini walikuwa wanakuja. Ragnvei akaona haya kwa matamshi ya bondeni. Wiki tatu nzima, baada ya masomo, akampigia makofi mtoto wa watu, silabi kwa silabi kama zisemwavyo mjini, mpaka matamshi ya babu yakampotea.

Siku ya siku Synneva alisoma bila kukwama. Mzee Sjur, ndani ya vazi lake la sikukuu, akamgeukia Ragnvei.

"Mtoto wa nani huyo, Mwalimu?"

"Acha utani, mzee! Si Synneva wako?"

"Namwona. Simsikii."

Mzee alifariki mwaka ule ule, kabla viazi havijachimbwa.

Sasa Synneva anasoma habari redioni, Oslo. Krismasi iliyopita alikuja kumsalimia mwalimu wake, nami nilikuwepo. Ragnvei akashindwa kujizuia.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikunyang'anya sauti ya babu yako."

"Jamani, Mwalimu! Si wewe uliyenipa kazi?"

"Basi sema lile neno, nyumba uliyokulia, kama alivyolisema yeye. Mara moja tu, nipumue."

Synneva akacheka, akafungua mdomo. Akaufunga. Akajaribu tena akigonga meza kwa kidole, silabi kwa silabi, likatoka lile lile la redioni.

"Lianze wewe, Mwalimu," akasema, macho yamemjaa machozi. "Nikumbushe."

Ragnvei akanitazama. Mimi ni wa kaskazini, huku niliolewa tu. Akainua mikono yake, kisha akairudisha mapajani.

Tangu siku hiyo simwambii tena kwamba yaliyopita si ndwele.