Mthamini wa Shamba la Ulezi

Katika vijiji vya Tarime vilivyo jirani na mgodi, mtu mzima akiketi mbele ya shamba la mwenzake kwa saa nne, hakuna atakayeamini kwamba amekuja kuangalia tu. Nimelielewa jambo hili nikiwa na miaka arobaini na saba, nikiwa na shahada ya sanaa na zaidi ya miaka ishirini ya kuishi kwa brashi. Kama ningelielewa mapema, mama mmoja asingeng'oa nusu ya ulezi wake.

Kwa miaka mingi nimekula kwa mgongo wa wanyama. Hoteli za upande wa Mugumu hutaka tembo. Jumba la sanaa la Mwanza ninakopeleka kazi zangu hutaka pundamilia, na ikiwezekana pundamilia wanaovuka mto huku mamba wakisubiri. Nimechora pundamilia wengi kiasi kwamba mkono wangu huweza kuweka michirizi huku akili ikiwaza vitunguu. Mwaka ule nilichoka. Nilimpigia simu msimamizi wa jumba lile nikamwambia kwamba kwenye maonyesho yajayo nitaleta picha kubwa ya shamba la ulezi lililokaribia kuvunwa.

"Dada yangu," akasema, "Serengeti iko mlangoni kwako, na wewe unaniletea ulezi?"

"Naam, ulezi."

"Ulezi una macho? Mnunuzi anataka kitu kinachomtazama."

Tulibishana mpaka salio langu likaisha. Mwishowe alinipa ukuta mmoja, kwa sauti ya mtu anayempa mgonjwa ruhusa ya kula anachotaka.

Shamba nilikuwa nimeshaliona. Liko kwenye mteremko nyuma ya Nyamwaga, kati ya mawe makubwa ya kijivu, na mwenyewe ni mjane wa makamo ya juu, mwembamba, mwepesi wa kucheka. Vichwa vya ulezi vilikuwa vinaanza kugeuka rangi, kutoka kijani kwenda kwenye wekundu wa udongo uliochomwa, na kila upepo ulipopita shamba zima lilibadilika kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza nzi. Yeye hakuliona hivyo. Aliniambia siku ya kwanza kwamba mahindi yake yalinyauka yakiwa magotini, na kwamba ulezi huu ndio chakula chake mpaka msimu mwingine. Nilitikisa kichwa kwa heshima, kisha nikaendelea kutafuta ule wekundu kwenye kisahani changu cha rangi.

Sasa nieleze nilivyoonekana. Mimi huchorea nje kwa kutumia miguu mitatu ya mbao inayoshika ubao wangu. Ninapopima uwiano wa vitu, hunyoosha mkono, hushika penseli wima, hufumba jicho moja na kusogeza kidole gumba juu ya penseli: jiwe ni nusu ya mti, mti ni theluthi ya mteremko. Kila mwanafunzi wa sanaa hufundishwa hivyo. Lakini katika nchi ambayo watu wameshawaona wapimaji wa ardhi wengi kuliko waganga, mwanamke mwenye kofia, miguu mitatu na jicho moja lililofumbwa ana kazi moja tu duniani.

Na mimi, kwa kutaka kufuata utaratibu, nilizidisha. Kabla ya kuanza nilipeleka barua ofisi ya kijiji kuomba ruhusa. Niliiandika vizuri, kwa ule ukamilifu tuliofundishwa chuo kikuu: naomba kibali cha kuangalia na kuchora makazi, mashamba na mazao yaliyopo. Mwenyekiti aliigonga muhuri, na kwa uaminifu wake akaisoma kwa sauti kwenye mkutano.

Niliporudi baada ya siku tisa, katikati ya ulezi vilikuwa vimesimama vibanda vinne.

Kwa asiyefahamu: penye uvumi kwamba ardhi itachukuliwa, watu husimamisha nyumba za haraka na kuchomeka miche, ili wathamini wakija vihesabiwe katika fidia. Huitwa kutegesha, na hutegwa kama mtu anavyotegea kwale, kwa subira na matumaini. Vibanda hivi vilikuwa vya fito na udongo uliokuwa bado unatoka maji. Mbele yake ilipangwa miche ya migomba ambayo, nilipoikaribia, niliona haina mizizi. Ulezi wa nusu ya juu ulikuwa umeng'olewa kabla haujakomaa. Ng'ombe wawili walikuwa wanaumalizia.

Nakiri, wazo langu la kwanza halikuwa chakula cha mtu. Lilikuwa rangi. Niliwaza kwamba wekundu wangu umekatwa katikati, na nikahisi hasira ya mtu aliyeibiwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Tulikutazamia tangu asubuhi." Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani. Kiti kilikuwa kimeshatolewa, na kando yake kibuyu cha maziwa ya mgando.

"Mama, ulezi umekwenda wapi?"

"Si ule kule chini? Huu wa juu tumeutoa ili nyumba zikae vizuri."

"Nyumba za nani?"

Alijibu mtoto wa shemeji yake, mwanamume wa miaka thelathini hivi aliyekuwa ameegemea pikipiki yake. "Za mama. Andika nne, madamu. Ya tano tunaezeka kesho. Na hiyo migomba hesabu kwa mstari, usihesabu kwa macho, utakosea."

"Mimi sihesabu kitu. Mimi nachora picha. Picha za kutundika ukutani."

"Wote husema hivyo," akasema kwa upole wa kuudhi. "Wa mwaka juzi alisema anachunguza vyura."

"Labda alikuwa anachunguza vyura!"

"Hakuangalia hata mmoja."

Nilieleza. Nilieleza kwa Kiswahili, nikaeleza kwa Kikurya changu chenye makosa, nikafungua begi na kuonyesha rangi. Walisikiliza kwa adabu. Kadiri nilivyokana, ndivyo nyuso zilivyozidi kuridhika, kwa kuwa mthamini anayekana sana bila shaka ametumwa na wakubwa. Mama akanimiminia maziwa mara ya pili, akaniambia kwamba Jumamosi watatoa na ule ulezi wa chini, waweke nyumba mbili zaidi, ili nisije nikapata tabu ya kurudi mara nyingi.

Yalikuwa maziwa mazuri sana. Niliyanywa nikitamani kulia.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti, nikamkuta anapalilia bustani yake ya sukuma wiki. Nilimwomba aitishe watu awaambie ukweli. Aliingia ndani, akatoka na barua yangu kwenye bahasha ya plastiki.

"Madamu, hapa umeandika 'makazi, mashamba na mazao yaliyopo'. Mtu wa picha anayataka mazao yaliyopo ya nini?"

"Nilitaka barua iwe kamili."

"Basi imekamilika." Akaikunja taratibu. "Nikiwaambia wewe si mthamini, watasema nimekula ili nyumba zao zisihesabiwe. Unanitakia hayo?"

Sikumtakia. Nilirudi mjini Tarime nikiwa nimebeba ubao wangu kama mtu anayebeba mlango wa nyumba iliyobomoka.

Siku nne zilizofuata nilimalizia picha nyumbani, kwa kutumia michoro ya siku ya kwanza, mama akiwa bado ana shamba zima. Sikuwa na mpango. Nilichora kwa sababu ndicho ninachojua kufanya ninapokasirika. Ijumaa asubuhi, rangi ikiwa bado inanata pembeni, niliwaza kwamba nimejaribu maneno yote niliyo nayo isipokuwa kuwaonyesha kitu chenyewe. Nikaifunga picha kwenye shuka, nikapanda bodaboda, nikasafiri nayo mgongoni, upepo ukinisukuma kila tulipopanda kilima.

Niliiegemeza kwenye ukuta wa jiko la mama. Walikuja yeye, mtoto wa shemeji yake, na wanawake watatu wa jirani waliokuwa wanatoka kisimani, wakatua ndoo. Kisha mtoto wa shemeji akasogea karibu mno, akapitisha kidole hewani juu ya mteremko.

"Nyumba yangu iko wapi?"

Ana nyumba kweli, si ya kutegesha, juu kidogo ya shamba. Imeezekwa kwa bati jipya.

"Niliiondoa," nikasema.

"Uliiondoa!"

"Bati lilikuwa linang'aa sana. Liliharibu mteremko."

"Liliharibu nini? Miaka sita nilihangaikia yale mabati, wewe umeyang'oa kwa siku moja?"

Wanawake wa kisimani walicheka mpaka mmoja akashika ndoo yake isimwagike. "Mwenzetu umehamishwa bila fidia," akamwambia. Mama hakucheka. Alikuwa ameinama mbele ya picha, mikono magotini, kama mtu anayekagua ndama.

"Hili jiwe," akasema. "Hili liko kule kwenye mpaka. Limefikaje hapa?"

"Nililisogeza, mama. Pale lilipo lilikuwa linauziba ulezi."

"Na huyu ng'ombe mweupe? Mimi sina ng'ombe mweupe."

"Nilimweka tu. Pale palihitaji kitu cheupe."

Akanyooka. Alinitazama kwa mara ya kwanza bila ile heshima ya kitenge cha kanisani.

"Mura," akamwambia mtoto wa shemeji yake, "mthamini gani anasogeza jiwe la mpaka, anafuta nyumba ya bati, anabakiza choo chake, halafu anampa mtu ng'ombe ambaye hana? Huyu si mthamini. Huyu anadanganya bila faida."

Nimeandikiwa maneno mengi kwenye vipeperushi vya maonyesho, mengine niliyaandika mwenyewe. Hakuna lililowahi kunieleza kwa usahihi kama lile. Mtoto wa shemeji alijaribu kubisha kwamba huenda ni mbinu mpya, lakini alibisha akitazama mahali nyumba yake ilipopaswa kuwa, na sauti haikuwa na nguvu.

Mama aligeuka akatazama vibanda vinne. Vilikuwa vimeanza kupasuka udongo kwa jua.

"Kwa hiyo ulezi wangu umeliwa na ng'ombe kwa sababu ya picha."

Ningeweza kusema kwamba uliliwa kwa sababu ya uvumi, au ya mtoto wa shemeji yake, au ya kusoma barua mkutanoni. Yote yangekuwa kweli. "Ndiyo, mama," nikasema.

"Wa chini hautoki kesho. Ukiiva utakuja na kisu."

Uliiva wiki ileile ya ufunguzi wa maonyesho. Picha niliituma Mwanza kwa basi. Msimamizi alinipigia asubuhi ya siku yenyewe, nikiwa nimeinama kati ya mistari, simu nikiibana kwa bega.

"Uko wapi? Wageni wanafika saa kumi. Msanii lazima awepo aeleze kazi yake."

"Niko kwenye kazi yenyewe. Navuna."

"Unavuna nini?"

"Ulezi."

"Kuna mtu ameuliza kama yule ng'ombe mweupe anaweza kuongezwa ukubwa," akasema, kisha akakata.

Kuvuna ulezi si kazi ya mtu aliyezoea brashi. Unashika kichwa kimoja kimoja, unakata chini yake kwa kisu kifupi, unatupa kwenye kikapu, na vichwa havipungui. Kufikia saa tano mgongo wangu ulikuwa umegoma na dole gumba lilikuwa limekatika mahali pawili. Mama alikuwa amenipita mistari mitatu. Alirudi nyuma yangu, akaokota vichwa nilivyoviacha, akavitia kikapuni mwangu, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko matusi. Nilimuuliza kama kiasi hiki kilichobaki kitamfikisha msimu mwingine.

"Kitanifikisha mvua za vuli," akasema. "Baada ya hapo nitakula mihogo na kukukumbuka."

Mmoja wa wale wanawake wa kisimani alikuwa anapita juu, kwenye njia ya vibanda, ndoo kichwani. Akasimama.

"Mama, leo umeajiri serikali?"

"Nimeajiri," mama akajibu bila kuinua kichwa, kisu kikienda. "Na haijui kuvuna."