Mtaro Uliotuficha

Mwaka ule wa vita nilikuwa najiandaa kwa mtihani wa ujenzi wa barabara, na zoezi lililonichosha kuliko yote lilikuwa la mtaro wa maji. Profesa alitaka kingo zake zilale: kwa kila mita moja ya kwenda chini, mita nne za kwenda pembeni, ili gari likiacha barabara literemke taratibu na dereva aweze kulirudisha. Nilichora huku nikinung'unika. Mji wetu wa Goma umekaa juu ya mawe ya volkano, nyumba zimebanana, na mitaro yetu huchimbwa myembamba, kingo zimesimama wima. Mita nne za kuchezea angezitoa nani?

Ndipo tukasikia kwamba shangazi yangu amekimbia kutoka kwake na amefika Lac Vert, pembezoni mwa mji. Papa, yaani baba yangu, ambaye goti lake lilikuwa bovu tangu zamani, alikataa katakata niende kumchukua peke yangu. Tulitoka kwetu Keshero kwa miguu, tukipishana na watu waliobeba magodoro kichwani. Kabla hatujafika, risasi zikaanza kulia. Wote tulijitupa mtaroni.

Mtaro ule ulitusitiri, siwezi kukana. Tulilala kifudifudi kwenye tope, risasi zikapita juu yetu. Ule wa profesa usingetuficha, najua. Lakini milio iliponyamaza, vijana walipanda wakakimbia, na Papa alipojaribu, goti likagoma. Nilimsukuma kutoka chini, nikamvuta kutoka juu; ukuta ulimfika kifuani na hapakuwa na pa kukanyaga. Milio ikaanza tena, safari hii karibu zaidi.

"Enda, mutoto yangu," alisema. "Miye nitabaki huku."

Sikwenda. Nililia kwa hasira na kuanza kurundika mawe miguuni pake. Mama mmoja tusiyemjua, aliyekuwa akipita mbio, alisimama, akatutazama, kisha akatua godoro lake na kulisukumia mtaroni. Nililikunja juu ya mawe. Papa akalikanyaga, akapanda akitambaa, yule mama akimvuta mkono nami nikimsukuma kwa nyuma. Godoro lilibaki kwenye maji. Mpaka leo nikitandika kitanda ninajiuliza alilala juu ya nini.

Tulirudi nyumbani bila shangazi; alifika kwetu mwenyewe vita vilipotulia kidogo. Mtihani nao ukafika, na swali lilikuwa lilelile la mtaro. Waliuliza kwa nini kingo zilazwe; nikaandika habari za gari, maana ndizo walizotaka, na nikafaulu.

Niliporudishiwa karatasi, nilimwonyesha Papa mchoro. Alivaa miwani, akaweka kidole chini kabisa ya mtaro, akakipandisha polepole mpaka barabarani.

"Hapa," alisema, "nitapanda miye mwenyewe."