Aliyeko Majini Haitwi

Sauti ya mjukuu wangu ilipotoka redioni kwa mara ya kwanza, nilikuwa nimekaa barazani kwangu Kasingirima nachambua dagaa, na mikono ikaniganda juu ya ungo. Watu hufurahi mtoto wao akisikika redioni. Mimi niliogopa tangu neno la kwanza. Ni sauti ya mtu wa nyumbani, tunakula sahani moja, halafu inatoka kwenye kisanduku kilichotundikwa msumarini, inaingia nyumba za watu nisiowajua, na mwenyewe hayupo. Kwetu, sauti isiyo na mwenyewe si jambo la kuchekea.

Huyu binti ni mtoto wa binti yangu mkubwa aliyeolewa Kasulu, huko juu ambako maji ni ya kisima na ya mvua. Alizaliwa huko, akakulia huko, akashuka kwangu akiwa mtu mzima kusoma chuo, uandishi wa habari na utangazaji. Mimi shule niliachia darasa la tatu. Najua kusoma, kuandika na kujumlisha, basi. Sikujua kwamba hata kuongea kunasomewa miaka. Nilipomwambia hivyo alicheka.

"Bibi, hata kunyamaza tunafundishwa."

Masomo yake mengi niliyaona kwa macho yangu, maana aliyafanyia uani. Anabana kalamu kwa meno, anasoma gazeti kwa sauti, mate yanamtiririka, eti ulimi ulainike na lafudhi ya Kasulu ipungue. Akitaka kurekodi anajifunika blanketi gubigubi na simu yake humo ndani, jua la saa nane, anatoka ameloa kama aliyetoka kuoga. Jirani yangu wa ukuta wa pili akachungulia siku moja akauliza kama mjukuu wangu anajifukiza mafua. Nikamjibu kwamba anasoma chuo. Akasema basi hicho chuo kina homa kali.

Tulicheka sana. Kicheko kilinikatika siku aliponieleza yale maswali yao. Alisema kila habari lazima ijibu maswali, na la kwanza kabisa ni nani. Mkufunzi wao amewaambia kwamba habari isiyo na jina ni uvumi. Akalirudia hilo kama mtoto wa madrasa anayerudia aya, na mimi nikaogopa.

Nieleze kwa nini. Mimi majina ninayo. Waliovuka na baba yangu kutoka ng'ambo ya Kongo nawajua mmoja mmoja, na wake zao, na watoto wao waliokufa wangali wananyonya. Mitumbwi iliyolala ufukoni pale Ujiji nilipokuwa msichana naijua kwa majina, na wenyewe kwa majina. Watu wa mtaa wakigombania ukoo huletwa kwangu. Lakini katika nyumba yetu liko jambo moja tulilokuja nalo kutoka ng'ambo. Aliyeko majini haitwi. Akishatia mguu chomboni, jina lake tunaliweka mpaka akanyage nchi kavu. Tunasema "yule", tunasema "mwenzetu". Siku hizi kuna simu, mke wa mwanangu humpigia mumewe akiwa safarini, na husema, "Wewe, umefika wapi?" Jina halitoki mdomoni mwake.

Wengine wanatuona washamba. Mimi nilikuwapo. Nilikuwa mtoto wa kubebeshwa wadogo zangu, nimesimama ufukoni na mama, na kaka yangu amesimama kwenye mtumbwi mdogo anakunja wavu, si mbali, unamwona meno. Ugali ulikuwa umeiva. Mama yangu, mwenye kulishika jambo hilo kuliko wote, siku hiyo akasahau, akamwita kwa jina lake aje ale. Kaka akageuka kuitika. Mtu akigeuka ndani ya mtumbwi mwembamba, ziwa limepewa mgongo. Alizama mbele yetu, na ugali ule ukapoa hadi ukaota ngozi. Mama hakumwita tena mtu yeyote kwa jina, hata sisi tuliokuwa jikoni.

Haya nilimweleza mjukuu wangu yote, siku aliponirekodi kwa kazi yake ya chuo. Aliniuliza jina kamili la mjomba wake, mwanangu, ambaye ni nahodha wa chombo cha abiria baina ya Mwamgongo na Kibirizi. Kabla ya kumjibu nikamuuliza mjomba wake yuko wapi saa hiyo. Akasema yuko ndani amelala. Ndipo nikalitaja. Akashangaa, nikamwambia habari ya kaka yangu, akaizima simu, akanishika mkono. Akaahidi kwamba akiwa ufukoni hatamwita mtu. Alilielewa hivyo, kuwa ni kuita kwa sauti, umesimama mchangani na mikono mdomoni. Hata mimi ndivyo nilivyolielewa maisha yangu yote. Redio haikuwa mawazoni mwetu, kwake wala kwangu.

Ukafika wakati wa wanafunzi kupelekwa kazini kujifunza kwa vitendo, wenyewe wanaita fildi. Yeye akapelekwa kwenye redio moja ya hapa hapa mjini. Wiki za mwanzo alikuwa wa kubeba waya na kuchemsha chai. Halafu asubuhi moja mtangazaji wa kipindi cha salamu akakauka sauti, wakamwambia binti, kaa kwenye kipaza sauti. Hakuwa na nafasi ya kutuarifu.

Ndiyo asubuhi ile ya dagaa na ungo. Alisoma salamu za watu vizuri, za Buzebazeba, za Mwanga, za wagonjwa na mashemeji. Mpaka nikaanza kuzoea. Mwisho zikabaki dakika chache, na baadaye alituambia kwamba fundi mitambo alimwashiria kupitia kioo awasalimie na wa kwao, kama ilivyo desturi ya mgeni wa kipindi. Akanisalimu mimi, bibi yake wa Kasingirima. Nikatabasamu peke yangu kama mjinga. Halafu akasema anamsalimu mjomba wake, nahodha, popote alipo ziwani asubuhi hii, akamtaja. Jina lake na jina la baba yake, kwa ile sauti ya chuo, taratibu, kila herufi mahali pake.

Mke wa mwanangu alitoka uani na povu la sabuni hadi viwikoni.

"Mama," akasema, "amemwita."

Mwanangu alilala Mwamgongo usiku ule, na alfajiri alikuwa ameng'oa nanga kuja Kibirizi na akina mama wa dagaa na mawese. Saa hiyo alikuwa katikati ya maji. Mama yangu alimwita kaka kwa koo lake tu, likafika hatua chache. Huyu ameita mji mzima ukisikia, na ziwa lote.

Ningesema upepo ulikuja hapo hapo, ningekuwa mwongo. Ulikuja baadaye, tumeshaanika nguo. Kwanza mabati yalilia upande mmoja, halafu nguo zikasimama kwenye kamba kama watu waliofungwa mikono, halafu vumbi. Upepo wa kusi. Mtu wa ziwa hahitaji kwenda kutazama, anajua kwa mabati. Mkwe wangu akajifuta mikono, akajitanda khanga, akaenda Kibirizi. Nikabaki na redio.

Alinipigia kutoka kule. Vyombo vingine vilivyotoka Mwamgongo vimefika vimejaa maji, watu wanatapika mchangani. Cha kwetu hakijaonekana. Simu ya mumewe haipatikani. Nikamwambia asiniambie habari mpaka awe na habari.

Nataka kusema nilivyoogopa, lakini maneno yake sina. Nilijua tu kwamba sikutaka kuingia ndani. Kitanda anacholalia mwanangu akiwa hapa kiko chumba cha mbele, na nilihisi nikikiona kitakuwa kimeshatandikwa kimsiba. Jirani yangu alivuka ukuta akaja kukaa nami, na safari hii hakuwa na utani. Alitaka kuizima redio. Nikamkataza. Mjukuu wangu alikuwa humo ndani, nitamwachaje peke yake?

Taarifa ya habari ya adhuhuri aliisoma yeye. Nilipomsikia nikajua anajua. Alisema kuna chombo cha abiria kilichoondoka Mwamgongo alfajiri kuja Kibirizi, na hakijawasili, na upepo ni mkali, na watu wa ziwa wametoka kutafuta. Alipofika kwenye neno "nahodha" akanyamaza. Kidogo sana, asiyemjua angedhani anageuza karatasi. Kisha akasema majina ya waliomo hayatatajwa mpaka ndugu zao wajulishwe. Akaendelea na bei ya mahindi.

Yaliyotokea kule ndani nimeyajua baadaye. Mhariri wake alikuwa amepata kila kitu isipokuwa uhakika wa jina la nahodha, na anaye mtoto wa nyumba hiyo hiyo mezani pake. Alimwambia kwamba redio nyingine zitawahi. Alimwambia ndugu wa nahodha ni yeye, na ameshajulishwa, basi kizuizi kiko wapi, ataje.

"Nimeshamtaja mara moja leo," binti akamjibu. "Sitamtaja tena mpaka nimwone."

Mhariri akamkumbusha lile la chuo, habari isiyo na jina. Binti akasema basi na iwe uvumi.

Ilikuwa baada ya alasiri simu ya mkwe wangu ilipolia tena. Niliiacha ikalia kidogo. Nikabonyeza kidole na kuiweka sikioni bila kusema alo. Akasema, "Mama, yuko hai. Wote wako hai." Kuna mtu alikuwa amepanda kilima mpaka simu iliposhika. Mwanangu na abiria wake walikuwa ufukoni, chini ya milima ya Gombe, chombo kimepasuka ubavu, watu salama. Jirani alishika tama akalia kwa niaba yangu. Mimi sikulia. Hofu ilikuwa imejaa mpaka hakukuwa na pa kutokea machozi.

Mwanangu alifika kesho yake, amekasirika. Alikasirishwa na abiria. Alituhadithia akiwa anakula, amempa mpwa wake mgongo.

Anasema walikuwa wanakuja vizuri, ziwa kama mafuta. Mama mmoja wa mawese alikuwa na redio ndogo amening'iniza kwenye dumu. Jina likatoka. Wakageuka wote kumtazama yeye kwenye mashine.

"Nahodha, si wewe huyo?"

Akawaambia jina hilo ni la watu wengi.

"Lenye mama Kasingirima ni moja. Umeitwa, baba. Tushushe."

Akawajibu kwamba yeye ni nahodha, si mganga, na wakae chini. Hawakukaa. Kumbe si nyumba yetu peke yake yenye jambo hili, nusu ya chombo walikuwa wametoka ng'ambo kama sisi. Mzee mmoja akaanza kufunga mzigo wake katikati ya maji, akisema hana ugomvi na ziwa, mwenye ugomvi nalo abaki nalo. Wengine wakaanza kuhamia upande wa nchi kavu, chombo kikainama. Mwanangu akaona watamzamisha kwa ubishi, akapinda akawapeleka ufukoni wateremke, waende kwa miguu kama wanaweza. Alikuwa bado anagombana nao mchangani, waliolipa wanadai nauli yao irudi, naye anawadai wasiolipa, upepo ulipofika. Wimbi la kwanza lilikipigiza chombo jiweni kikiwa kitupu.

Mkwe wangu alimwangalia binti, halafu akaniangalia mimi, kama ninayo hukumu. Sina. Je, jina ndilo lililouita upepo? Au jina ndilo lililowatoa majini kabla haujaja? Nimelala na swali hilo, nimeamka nalo, na kila jibu linaniogopesha. Kama jina liliwaokoa, basi mama yangu alimuua kaka kwa nini?

Binti alikuwa ameshafungasha begi lake arudi Kasulu, chuo basi. Mjomba wake akaliona mlangoni. Akanawa mikono, akalirudisha chumbani kwa mguu.

"Siku nyingine wasalimie abiria," akamwambia. "Wale ndio wanaosikiliza redio."

Amerudi chuoni, anakaribia kumaliza. Redio ile ikamwita tena, sasa anasoma salamu mara kwa mara. Watu wa mtaani hunipongeza, nami huitikia. Lakini kila akikaribia mwisho wa kipindi, pale pa kuwasalimia wa kwao, mikono yangu huganda juu ya ungo. Hunisalimu mimi. Kisha hunyamaza, kidogo sana, kama mtu anayegeuza karatasi, na mimi huzuia pumzi mpaka muziki uingie.

Mtaona nimeandika haya yote bila jina la mtu, mimi ninayekumbuka majina ya watu wote. Chombo kimetengenezwa ubavu. Yule ameondoka nacho asubuhi, na mabati yangu yameanza kulia upande mmoja.